Pale Nilipoandika "Haisikiki"

Fundi wa kompyuta yangu ni mimi mwenyewe. Kutoka kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi, hadi kwa mafundi wa mjini Mbarara ni siku nzima ya vumbi na nauli, kwa hiyo nilijifunza. Feni ikikoroma, naifungua na kuipangusa kwa unyoya wa kuku. Kitufe cha herufi M kiling'oka, nikakibandika kwa gundi ya viatu. Nilijisifu sana, na mama alikuwa akinicheka.

Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu nisiowajua, zinazotumwa kwa mtandao, na kuziandika neno kwa neno. Sheria zake ni kali. Mtu akikohoa unaandika "anakohoa". Akinyamaza, "kimya". Usiposikia vizuri usibuni. Andika "haisikiki", uendelee. Na ukishamaliza, sauti unaifuta, kwa kuwa si mali yako.

Nilipokuwa najifunza, sikuwa na sauti ya kufanyia mazoezi ila ya mama. Alikaa kitandani akasimulia safari yetu ya kutoka Kongo. Mimi nilikodolea macho mawimbi ya sauti yake kwenye kioo cha kompyuta, nisije nikaharibu. Mvua ilianza kupiga bati, naye hakusimama. Kesho yake nikamsomea kipande cha mwanzo nilichokwisha kuandika.

"Weye mutoto, unaandika mpaka kikohozi yangu?"

"Ndiyo kazi, mama."

"Basi bakulipe mingi, maana niko nakohoa sana."

Kikohozi hicho ndicho kilichomwondoa. Alifia hospitalini Mbarara. Tulipomaliza kumzika nilirudi nyumbani, nikashika kazi, maana sikujua nishike nini kingine. Kompyuta ikagoma: imejaa. Nikafanya kama siku zote. Nilifungua folda ya kazi zilizokwisha, nikafuta sauti zote kwa mpigo, nikamwaga na pipa la taka. Mashine ikawa nyepesi, nami, mpumbavu, nikafurahi.

Wiki tatu baadaye alipiga simu dada yangu mkubwa, anayeishi Kakoba, mtaa wa huko Mbarara. Siku ya kuondoa matanga ilikuwa imekaribia.

"Ukuye na ile sauti ya mama. Batu bote basikie."

Nikaitafuta. Ndipo nikakumbuka nilikokuwa nimeiweka. Mama alikuwa kwenye folda ya kazi zilizokwisha, kwa sababu nilikuwa nimeshamwandika.

Nilijaribu kila mbinu niliyoijua, kisha nikaibeba kompyuta hadi Mbarara. Fundi, Mnyankore mpole, alihangaika nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri.

"Pole, nyabo, dada yangu. Ungeleta siku ile ulifuta, ningepata. Sasa umeweka kazi ingine mingi juu yake."

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuwa mtoto wa kumzaa mwenyewe, na nilimbeba mgongoni njia nzima hadi Kakoba.

Siku ya matanga nilisimama na karatasi, kwa kuwa maandishi nilikuwa nayo yote. Nilisoma kila neno la mama kwa sauti yangu hii kavu. Nilipofika penye "anacheka", dada alifumba macho akangoja. Hakukuwa na cha kusikia. Nikaendelea, "anakohoa", "kimya", nikajichukia kwa kila alama niliyoiweka.

Karibu na mwisho mama anasimulia alivyoachana na baba, ambaye hatujamwona tena tangu siku hiyo. Nikasoma: "Pale ku mupaka baba yenu alinituma niwaambie batoto ya kama..." Neno lililofuata lilikuwa langu: haisikiki. Ni ile mvua. Nilipokuwa naandika nilijiambia nitairudia siku nyingine, sauti si ipo. Na mama alikuwa hai, chumba cha pili, anapepeta mchele. Sikwenda kumuuliza.

Dada akafumbua macho. "Alisema nini? Weye si ulikuwaka pale, mu chumba moya naye?"

Nilikuwapo. Ningenyoosha mkono ningemgusa goti. Lakini nilikuwa natazama kioo.