Herufi za Mkono wa Kushoto

Mkono wangu wa kushoto ulianza kupata kesi nikiwa mdogo kabisa. Mama alikuwa akiufunga kwa kitambaa wakati wa kula ugali, ili ule wa kulia uzoee. Haukuzoea. Shuleni nikachapwa rula, nikajifunza kuandika kwa kulia mwandiko wa kusikitisha, na mwalimu akigeukia ubao nahamisha kalamu. Watu waliniita mbishi. Ubishi gani? Nilikuwa na mkono mmoja unaonisikia na mwingine usionisikia, basi.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, nikarudi kwenye pamba kwetu Ngulyati. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Zamani pale Bariadi mjini palikuwa na duka la ushirika, na duka la ushirika halikuwa na haja ya kujitangaza: sukari ikija mnajua, isipokuja mnajua. Sasa kila aliyeweza kuuza ng'ombe wawili alifungua kitu, hoteli, duka la mitumba, saluni, na kila mmoja alitaka maandishi ukutani. Nikienda mjini na baba nilikuwa nasimama mbele ya kuta hizo, naangalia jinsi herufi ilivyonenepa hapa na kukonda pale, mpaka baba anarudi kunivuta. Nilitaka kuandika vile. Sikutaka kitu kingine chochote, na mtu akiniuliza nilimwambia hivyo hivyo.

Fundi aliyeandika karibu kuta zote hizo alikuwa na kibanda nyuma ya soko. Nilimwendea mwenyewe, bila mzazi, nikapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Unataka kibao cha nini?"

"Sitaki kibao. Nataka kujifunza."

Akacheka mpaka akaweka brashi chini. Wasichana hawapandi ngazi, akasema. Nikamwambia paa la nyumba yetu tuliliezeka mimi na baba, na yeye baba ndiye aliyekuwa chini akinirushia nyasi. Akanipa brashi yenye maji, akanionyesha sakafu ya saruji, nichore A. Nikaichora vizuri sana. Nilipoinua uso nikakuta anatazama mkono, wala hatazami A.

"Sikiliza, binti," akasema. "Wateja wangu wanaangalia mkono kwanza, herufi baadaye. Mtu akikuona unampakia duka lake kwa kushoto, anajua umemtakia mabaya. Sitaki kufukuzwa mjini. Nakupa mpaka msimu wa pamba ufunguliwe. Mkono wa kulia ukikubali, utabaki. Ukikataa, barabara ya Ngulyati unaijua."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kutwa nzima nilikuwa nimepiga magoti, naandika kwa maji kwenye saruji. Jua likikausha herufi, naandika tena palepale. Fundi alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, na kupanga kila herufi kwa chaki kabla ya kugusa rangi. Alinifundisha kwamba nafasi kati ya herufi haipimwi kwa rula, inapimwa kwa jicho, kwa sababu A na V zikikaa pamoja zinahitaji kusogezwa, na I mbili zinahitaji kuachiana. Yote hayo niliyashika upesi. Mkono wa kulia ndio ulionitia aibu.

"Hii ni S au ni mjusi?" aliniuliza siku moja.

"Ni S ya mkono wako, baba. Ya kwangu hujaitaka."

Alinikata jicho. Lakini hakunifukuza, nami nikaona hapo pana mlango. Alipokwenda kula mchana nikachukua kipande cha bati, nikaandika HOTELI kwa rangi ya mafuta kwa mkono wa kushoto, wa kwangu. Ilitoka nzuri, halafu nikaiharibu yote. Sababu ni hii. Fundi wa maandishi ana kijiti kirefu chenye furushi la kitambaa kwenye ncha, anachokishika kwa mkono usio na brashi. Furushi hulikandamiza ukutani na mkono unaoshika brashi huuegemeza juu ya kijiti, usitetemeke. Anayetumia mkono wa kulia furushi lake linakaa upande wa kulia, ambapo hapajaandikwa bado. Langu lilikaa kushoto, juu ya rangi mbichi. Kila herufi niliyoandika niliifuta mwenyewe kwa kijiti changu.

Nililia kwa hasira. Kisha nikafuta bati, nikapanga HOTELI kwa chaki upya, nikaanza na I, nikafuata L, nikaja hivyo kinyumenyume mpaka H, na furushi likawa linakaa pasafi muda wote. Fundi aliporudi aliliinua lile bati juani, akaligeuzageuza.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Kwa mkono gani?"

Nikamwonyesha. Akaweka bati chini, akaenda kunawa mikono, na tangu siku hiyo hakuniambia tena habari za mkono wa kulia tukiwa kibandani. Vibao vidogo niliandika mimi, kwa mkono wangu, kuanzia mwisho. Lakini mlangoni aliweka pazia.

Msimu wa pamba ukafunguliwa na hatukuwa tumesema lolote kuhusu lile sharti lake. Mzee mmoja aliyekuwa amefunga mashine mpya ya kusaga karibu na stendi akataka ukuta mzima uandikwe, herufi ndefu kuliko mtoto. Fundi alikuwa na kazi nyingine ukuta wa pili wa jengo hilohilo, akaniambia nipande, mwenye mashine amekwenda shamba. Nikapiga mistari, nikapanga MASHINE YA KUSAGA NA KUKOBOA kwa chaki, nikaanza na A ya mwisho. Nilikuwa nimefika kwenye K ya kwanza ya KUKOBOA wakati mzee mwenyewe alipotokea.

"Shuka," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Shuka chini, mtoto. Nani kakutuma?"

Akina mama waliokuwa wanasubiri unga wakageuka. Mzee akawa anaeleza kwa Kisukuma, polepole, kwamba biashara yake haijamaliza hata mwezi, na huyu hapa anaiandika kutoka mwisho kwenda mwanzo, tena kwa kushoto, mashine irudi ilikotoka. Mama mmoja akasogeza debe lake la mahindi mbali na ngazi yangu.

Fundi alikuja mbio, akaomba radhi. Akanipa kitambaa chenye petroli, nikafuta KUKOBOA yote. Kisha akanisogelea. "Kwa kulia, kuanzia M," akasema chini chini. "Au shuka kabisa, ukafunge mzigo wako."

Nilikuwa naogopa, sitaki kusema uongo. Lakini nilikuwa nimechoka pia kuwekewa pazia.

"Nitaanza na M, kama mzee anavyotaka," nikasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mkono ni huu."

"Na kijiti?" fundi akauliza.

"Chukua kijiti chako, baba."

Nikapanda bila kitu cha kuegemea, maana kuanzia M furushi lingefuta tena rangi mbichi. Mkono ulining'inia hewani kama wa mtu anayeomba lifti. Mguu wa kwanza wa M ulipinda, nikaufuta. Nikaandika tena, ukapinda kidogo, nikaufuta. Chini wakaanza kucheka. Nikakaza kiwiko, nikavuta pumzi, nikaushusha mstari kwa bega badala ya vidole, ukashuka umenyooka. Nikasema potelea mbali, twende. Jua lilinichoma kisogo, rangi ilinitiririkia mpaka kwapani, sikupumzika hata kunywa maji. Akina mama walichukua unga wao, wengine wakabaki tu wamekaa juu ya magunia wakisoma kila herufi inavyotoka. Nilipomaliza A ya mwisho bega lilikuwa limekufa ganzi.

Mzee akarudi nyuma mpaka barabarani, akasoma kwa sauti, akarudia. Hakuona kosa. Akamgeukia fundi.

"Yamekaa vizuri," akasema. "Sasa panda wewe, upite juu yake kwa mkono wako wa kulia. Hata kidogo tu, kila herufi. Nipate kulala."

Hilo lilikuwa jambo dogo. Brashi, robo saa, mteja anaridhika. Nikajua fundi atapanda, maana ndiye aliyeniambia tangu mwanzo kwamba watu wanaangalia mkono. Nikampisha kwenye ngazi. Alikamata ngazi kweli. Akaiondoa ukutani, akaiweka begani.

"Mzee wangu, unisamehe," akasema. "Kama ungenionyesha kosa ningelirekebisha. Kupita tu juu ya herufi za fundi mwenzangu, hilo siwezi."

Mzee akasema basi na vibao vyake vya ndani atampa mtu mwingine. Fundi akamwambia ni sawa, akaanza kuondoka. Mimi nilibaki nimesimama na kopo la rangi, sijui kama alisema kweli lile neno, mwenzangu, au nililitamani tu, mpaka akaniita kutoka mbele, akaniuliza kama nategemea yeye abebe na brashi zangu.