Nilimzimia rafiki yangu simu siku baba yake anazikwa

Admin, nifichie jina, maana ndugu zangu wengi wamo humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Tanga, naishi Germantown, Maryland, kazi yangu kuhudumia wazee. Nina mume Mkenya na watoto wawili. Hili sijamwambia mtu ila mume wangu, na ushauri wake haujanisaidia.

Mwezi wa tano nilikwenda nyumbani kumwona mama. Wakati wa kurudi nikapitia Ujerumani, mji wa Bremen, siku mbili kwa rafiki niliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Nitamwita Mwanaidi, si jina lake. Yuko kule mwaka wa kumi na moja, anaishi peke yake, anafua mashuka ya hospitali. Aliomba ruhusa kazini kwa ajili yangu, akapika maandazi, akapanga ratiba utadhani anapokea rais. Baba yake alikuwa anaumwa Tanga, lakini walimwambia ana nafuu, anakunywa uji.

Asubuhi ya pili Mwanaidi yuko bafuni, kaka yake mkubwa akanipigia mimi.

"Dada, mzee ametutoka alfajiri. Tunazika alasiri. Usimwambie. Hawahi kufika, ataanguka huko hana mtu. Nendeni mkatembee, ale, jioni shangazi atampigia na wewe uko pembeni yake. Na simu yake iangalie, watu wasianze kumtumia pole."

Kwetu mnajua tunavyofanya, aliye mbali haambiwi msiba ghafla, anatafutiwa kwanza mtu wa kumshika. Nikajibu sawa kaka. Sikufikiri hata dakika moja, na hapo ndipo ninapojichukia.

Mwanaidi alipotoka nikamdanganya simu yangu imejaa, anipe yake nipigie picha. Akanipa huku anacheka, "Nyie wa Marekani kwa picha!" Nikazima mtandao, nikaitia mkobani kwangu. Akanizungusha vichochoro vya nyumba za zamani, kila mlango yeye ana habari yake, mimi naitikia tu. Tukafika kwenye sanamu ya punda, mbwa, paka na jogoo waliopandana. Wenyeji wanasema ukimshika punda miguu ya mbele kwa mikono miwili ukaomba jambo, unalipata. Ukishika kwa mmoja watakucheka. Mwanaidi akashika kwa miwili.

"Namwomba Mungu, si punda," akaniambia. "Baba apone, Desemba nikamwone."

Nikampiga picha. Nilimwambia atabasamu, jamani. Saa ya kuzika ilitukuta kando ya mto tunakula samaki, nami nikaagiza na chai.

Jioni tukiwa kwenye ngazi za kwake nikarudisha mtandao, nikampa simu yake. Shangazi akapiga. Mwanaidi hakupiga kelele, aliuliza neno moja tu, "Wameshazika?" Akakaa sakafuni na viatu vyake. Nikamshika kama nilivyoagizwa. Usiku huo ndipo alipoona mama yake alimpigia kwa video mara tatu, saa tano asubuhi. Kumbe mama alikataa maneno ya wanaume. Alitaka mwanawe amwone baba usoni kabla sanda haijafungwa.

"Mbona sikuzipata?" akaniuliza. Nikasema labda mtandao ulisumbua. Ndiyo, nilisema hivyo, nikimtazama machoni. Kesho yake nikapanda ndege nikamwacha.

Sasa mama yake hamsemeshi. Anaamini Mwanaidi aliziona simu akazipuuza kwa sababu ya matembezi, maana kuna mtu alimwonyesha picha tulizopiga. Na Mwanaidi mwenyewe ameshajihukumu. Ananiambia, "Nilikuwa nacheka na wewe, ndiyo maana sikuhisi chochote. Mimi ni mtoto gani?" Kila akisema hivyo nalia naye kwenye simu, naye ananishukuru kwa kumlilia baba yake. Nilimpigia kaka yake nikamsihi aseme ukweli kwa mama. Akanijibu, "Dada, yameisha, usifukue. Mimi sikukwambia uzime simu, nilisema uiangalie." Akakata.

Mume wangu naye anasema, "Uki-confess utampoteza, na hizo minutes za kumwona babake hata hazitarudi. Wachana na hiyo story."

Jumamosi hii Mwanaidi anatua Dulles, uwanja wa ndege wa huku kwetu. Mimi ndiye niliyemwalika aje apumzike wiki mbili, na mimi ndiye nitakayempokea. Nikinyamaza, mama na mwana watazikana hawasemezani. Nikisema, nitakuwa nimemwambia kwamba mtu pekee anayemwegemea ndiye aliyemnyima uso wa baba yake. Na atakuwa ndani ya nyumba yangu, nchi ya watu, hana pengine pa kwenda kulia.

Jana nimejikuta nawaambia wanangu wasimsumbue mgeni, nitaongea naye akishakula, akishalala, akishatulia. Nikakaa kitandani, kwa sababu ndicho nilichomfanyia siku ile ile.

Ndugu zangu, msinionee huruma. Niambieni tu, nimwambie hapo hapo uwanjani, na mizigo yake bado mkononi?