Tulimchunguza mshauri wa fedha kama mposaji, na bado tulikaribia kupotea

Wakuu, assalaam aleikum. Na ambao salamu yenu si hiyo, habari za saa hizi.

Leo nnaleta jambo lililonipata mimi mwenyewe. Hakuna "rafiki yangu mmoja" wala "jirani wa shangazi". Chumvi nitatia kidogo, maana mtu wa Unguja hahadithii kikavu, lakini mchuzi wenyewe ni wa kweli.

Mimi ni fundi wa viyoyozi na mafriji. Mapaa ya hoteli za Mji Mkongwe karibu yote nshayapanda, paka wa Shangani wananijua kwa jina.

Mchana fundi, jioni mwanafunzi. Nilirudi skuli nikiwa na ndevu kamili, nikakaa benchi moja na vijana ambao friji za kwao nimezitengeneza mimi. Nikamaliza kidato cha nne, nikaunga na cheti cha uhasibu. Siku niliyokipokea nilikwenda nacho Uroa na tai shingoni, kuku wakanipisha njia.

Cheti hicho ndicho kilicholeta mambo yote haya.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, anakaa Uroa na maisha yake yote amelima mwani. Kwa wasiojua, mwani unapandwa baharini. Maji yakipwa akina mama wanaingia, wanainama masaa na masaa kufunga miche kwenye kamba. Mwani huo ndio uliotulea mimi na dada yangu Zuhura.

Sasa magoti yake yamegoma. Akitoka majini anashika ukuta, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine.

Mwaka jana akauza shamba la minazi alilorithi kwa babake. Mnunuzi anajenga nyumba za wageni. Fedha zikaingia kwenye akaunti ya mama.

Kiasi sitaji, ukoo wangu wote unasoma humu. Jueni tu kwamba ni fedha ambayo ikipotea hairudi, kwa sababu shamba la pili hakuna na magoti mapya hakuna.

Zuhura akasema, "Kaka, wewe ndiye msomi wa hesabu. Mshauri mama."

Nikavimba, wakuu. Nikafungua laptop, nikachora jedwali la rangi saba. Mpango wangu: tununue gari ya kupeleka watalii Nungwi na kuwarudisha Mjini. Kwa hesabu zangu, baada ya miaka mitatu mama angekuwa anamiliki nusu ya barabara ya kaskazini.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Gia ikivunjika nani analipa?"

"Gari yenyewe italipa, mama."

"Ikiwa imelala gereji italipa na nini?"

Nikaanza kupekua jedwali, rangi kwa rangi.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesomea kuandika fedha zilizokwisha kutumika. Zangu bado sijazitumia."

Miaka yote ya masomo ya jioni imefutwa kwa maneno hayo! Lakini nikifikiria sasa, alisema kweli. Anayejua kupanga risiti si lazima ajue fedha ya mtu wa miaka sitini na kitu iwekwe wapi.

Hapa nisimame kidogo. Je, kila mtu anahitaji mshauri wa fedha? Kwangu mimi, hapana. Kama mshahara wako unakata pumzi tarehe kumi, unahitaji daftari na nidhamu, usimlipe mtu. Lakini ukishika fedha ya mara moja katika umri, ya shamba, ya kiinua mgongo, ya mirathi, na huna pa kuipata nyingine, hapo tafuta mtu.

Tukakubaliana tumtafute.

Meneja wa hoteli moja ninakofanya kazi akanielekeza kwa bwana nitakayemwita Nassor. Ofisi ghorofani, ngazi za mbao, kiyoyozi kipya (kimefungwa upande, lakini nilinyamaza). Kanzu yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Akanionesha ramani ya viwanja Tunguu, karibu na chuo. Wanafunzi wanataka vyumba, thamani inapanda, kazi kwisha.

Nikatoka pale nimeshamjengea mama ghorofa tatu kichwani.

Mama akauliza, "Mtaani kwake umekwenda?"

Wakuu, kwetu mtu akija kuposa, maneno yake mwenyewe hayatoshi. Tunakwenda anakokaa. Msikitini, dukani, barazani, kwa majirani. Anasali? Anakopa? Ana mke mwingine kamficha Pemba? Posa nyingi pale Uroa zimepita mkononi mwa mama, na nyingine zimekufa hapo hapo.

"Mtu akitaka binti tunamchunguza miezi," akasema. "Huyu anataka shamba la babangu, umemchunguza kwa glasi moja ya juisi."

Basi nikaingia kazini. Wiki nzima nimekuwa mpelelezi.

Msikitini kwake: safu ya mbele, na kwenye mazishi ndiye wa mwanzo kushika jeneza. Mwenye duka: "Huyo hata kibiriti hakopi." Jirani yake, bibi mmoja, alimsifu mpaka nikaanza kujiona mimi mhuni.

Nikampigia mama simu. "Mama, huyu angekuja kumposa Zuhura, mahari tungesamehe!"

Nikamsikia Zuhura kwa nyuma, "Wewe kaka, mimi nna mume!"

Siku ya kutia saini mkataba wa kiwanja tukaenda ofisini mimi na mama. Nassor akainuka, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akamwekea kiti karibu na dirisha, akaeleza upya taratibu, kwa adabu, ramani mezani. Mimi kalamu nishaifungua.

Mama akamuuliza, "Mwanangu, unajisumbua hivi na mimi sikulipi. Wewe unapata nini?"

Nassor, Mungu amzidishie, hakuficha. "Mama, wewe hutoi hata senti. Wenye viwanja wananipa kamisheni kwa kila kimoja kinachouzika."

"Na nikisema sitaki kiwanja, nataka nikae na fedha yangu kwanza?"

Akajikuna shingo. "Hapo... hapo mimi sipati kitu, mama."

"Ahsante kwa kusema kweli. Kumbe wewe ni mshenga."

Mshenga, kwa wasiomjua, ni yule anayetumwa na upande wa mwanamume kupeleka posa. Anaweza kuwa mtu mwema kupita wote mtaani, lakini ametumwa. Hatokwambia kwamba bwana harusi ana hasira za karibu.

Kisha mama akanigeukia mimi. "Mshenga wa wenye viwanja nshamuona. Wa kwangu yuko wapi?"

Mimi na cheti changu tukatazama ramani.

Nassor akacheka mpaka akavua kofia. "Mama, umenimaliza." Hakukasirika hata kidogo. Tukamaliza juisi yake ya ukwaju, tukaagana vizuri, tukashuka ngazi na fedha yetu.

Nataka mlione kosa langu lilipokuwa, wakuu. Nilimchunguza Nassor wiki nzima na sikudanganywa na mtu hata mmoja. Ni mtu mwema kweli. Ila mimi nilichunguza tabia yake tu, nikadhani nimemaliza. Anayemlipa sikumuulizia. Na kalamu ilikuwa wazi mkononi!

Tukaanza upya, safari hii tukitafuta mtu tutakayemlipa sisi. Ikachukua muda, maana wengi tuliowafikia walikuwa na kitu cha kuuza: bima, kiwanja, na mmoja alikuwa na kuku.

Mwisho tukampata mwanamama nitakayemwita Bi Saida. Alifanya kazi benki miaka mingi, sasa anajitegemea. Sikuishia kuiona leseni yake ukutani. Niliuliza kwa mamlaka inayozitoa nikahakikisha jina lake limo. Mtaani kwake pia nilikwenda, mazoea hayaachi.

Ada yake sasa. Wakuu, nilipoisikia nilishika ukuta. Ni bei ya kujaza gesi viyoyozi vinne! Kwa maneno tu!

Mama akaniuliza, "Wewe ukiitwa kutazama friji, ukaitazama bila kuigusa, hutozi?"

"Natoza mama, ile ni ya kuja kutazama..."

"Haya."

Akalipa, kwa fedha yake ya mwani.

Bi Saida hakutoa ramani wala karatasi. Alianza na swali. "Bi Mwanaidi, fedha hizi unataka zikufanyie nini?"

Mimi nikafungua mdomo. Bi Saida akaninyanyulia kidole bila hata kunitazama.

Mama akarekebisha mtandio. Akasema, "Sitaki kuingia majini tena."

Nyie! Mimi mtoto wake, niliyekula mwani huo, nilichora jedwali la rangi saba bila kumuuliza hilo. Nilidhani anataka ziongezeke.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Bi Saida akauliza mwani unamwingizia ngapi kwa mwezi, maana hilo ndilo pengo ambalo fedha inatakiwa izibe. Akauliza dawa za magoti. Mama akasema riba hataki kuisikia, na Bi Saida hakubishana naye, akamweleza zile njia zinazofuata sharia. Kila njia alieleza faida yake na pia inavyoweza kuharibika, hata ile aliyoipenda yeye.

Mpango ukawa huu. Matumizi ya mwaka mzima yakae mahali anapoweza kuyafikia. Sehemu nyingine imalize vyumba viwili vya uani vilivyosimama bila paa miaka mingi, vipangishwe kwa wafanyakazi wa mahoteli. Inayobaki iingie kwenye mfuko wa uwekezaji wa halali, usio na riba, kidogo kidogo.

Nikauliza habari ya Tunguu, roho ilikuwa bado huko. Bi Saida akasema, "Kiwanja si kibaya. Lakini hakimpi mama unga wa mwezi ujao."

Kisha akaandika kwa mkono wake kwamba hapati chochote kwa yeyote kwa ushauri ule, akatia saini. Hatukumwomba.

Leo vyumba vina watu, wapishi wawili wa hoteli, wanalipa kwa wakati. Bamvua, zile siku maji yanapokupwa mbali na mwani unavunwa, zimepita mara kadhaa na mama hajaloa. Zuhura anasema anakwenda ufukweni, anasimama pakavu, anawaongoza wenzake kwa mdomo mpaka wanamwomba arudi nyumbani.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya kurudi kwa Bi Saida kuangalia mambo yanavyokwenda. Nikafika Uroa mapema kumchukua mama, nimejiandaa na maswali kurasa mbili.

"Wewe baki," akaniambia. "Nnakwenda mwenyewe. Una maneno mengi."

Akaenda, akarudi. Nikamuuliza wamesemaje. Akanijibu, "Tumezungumza," akaingia jikoni. Mpaka leo sijui waliamua nini, na fedha iko salama zaidi kuliko nilipokuwa najua kila kitu.

Nilichojifunza: tabia ya mshauri ichunguze, leseni yake ihakikishe, lakini ujue pia nani anamlipa. Na mwenye fedha aulizwe anataka nini kabla ya mtu yeyote kufungua laptop.

Wenye uzoefu karibuni, na wanaotaka kunicheka pia nafasi ipo. Ila wewe ambaye una mtu anakushauri sasa hivi, mpigie leo umuulize analipwa na nani. Halafu njoo utuandikie hapa alivyojibu, na alikaa kimya sekunde ngapi kabla ya kujibu.