Kanisa Likiwa Mgongoni

Bibi niliyekuwa nikimtunza kule Katy, pembezoni mwa Houston, alizaliwa katika mji mdogo wa Ulaya ambao jina lake lilinishinda kutamka, ila njia zake nilizijua kuliko za Houston. Kila asubuhi alinitembeza kwa maneno. Kanisa liko juu kilimani, mnara wake ni wa kijani. Likiwa mgongoni unashuka, unapita kisima cha sokoni, unafika mtoni. Mto huo umeuzunguka mji pande tatu. Kwenye daraja la mawe kuna sanamu ya mtakatifu aliyenyofolewa mkono na risasi za vita, na ng'ambo ndipo lilipokuwa tanuri la mikate la baba yake. Nami nilimtania, "Bibi, mji wenyewe unaisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya."

Kila jioni aliaga kwamba anakwenda kwao. Wengine pale nyumbani walimbishia, akalia. Mimi nilimwitikia kama kwetu tunavyomwitikia mgeni anayeaga: "Haya Bibi, wasalimie nyumbani." Akacheka, akabaki kitini.

Siku moja nilikuwa nakaanga dagaa. Mwanawe Bibi hakuipenda harufu ile, kwa hiyo nilifungua mlango wa nyuma itoke. Bibi akaaga, nikamwitikia bila kugeuka. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Niliogopa. Jua la Agosti huku halina mchezo, na mzee kama yule halichukui muda kumwangusha. Nilipiga simu ya dharura, nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikiita. Nyumba zote zinafanana, na hakuna hata mpita njia wa kumuuliza. Nikakimbilia barabara kuu, maana nilichohofia zaidi ni magari. Hakuwepo. Ee Mungu, nilisema, nimemuua bibi wa watu.

Ndipo nilipouona mnara wa kanisa la mtaani. Likiwa mgongoni, unashuka mpaka kwenye maji. Katy haina mteremko, ni tambarare tupu. Maji pekee ni ya mfereji wa mvua nyuma ya nyumba, wenye kidaraja cha zege.

Nilimkuta hapo, uso mwekundu, midomo imekauka, ameng'ang'ania chuma cha pembeni.

"Wameuhamisha mji," aliniambia. "Mtakatifu hayupo. Kwetu sikuoni."

Nilimshika, nikamkinga jua kwa khanga yangu mpaka gari la wagonjwa likafika. Alipona. Mimi woga haujanitoka.

Siku hizi binti yangu akinipeleka kazini kwa gari, namfundisha njia za kwetu Bukoba. Kutoka sokoni fuata Mto Kanoni mpaka ziwani, halafu utaiona nyumba ya mama yangu, ina mgomba mlangoni. Yeye hujibu kwa Kiingereza kwamba vyote vipo kwenye simu.

"Shika kichwani," nilimwambia juzi. "Siku nikitoka nikapotea, utanitafuta huko."

Alipunguza mwendo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Mama, ukifika ziwani, unakata kushoto au kulia?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikakuta sikumbuki.