Mchuzi wa Ukwaju na Kichwa cha Sato

Mara ya kwanza kuingia katika mgahawa wa Wafilipino kule Dubai, nilikaa kwenye meza ya watu nisiowajua nikala chakula chao. Sikusukumwa na njaa. Nilikaribishwa.

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, mchana, jua lile la kule linalofanya lami icheze machoni kama maji. Nilikuwa natembea tu bila safari, nikifuata vivuli vya maghorofa ya Satwa, ndipo harufu ya ukwaju unaochemka iliponikamata. Sikuiamini pua yangu. Nikasukuma mlango wa kioo uliojaa mvuke, na mle ndani nikakuta wanawake watatu wamezunguka bakuli kubwa la mchuzi na sahani ya wali iliyofurika. Mmoja akainua uso, akanitazama kana kwamba tulikuwa tumeahidiana, akaniambia kwa Kiingereza njoo tule.

Sasa mimi ni mtoto wa Dutwa, Usukumani. Kwetu mtu akikuambia njoo tule, nawe ukapita na kisingizio chako cha kushiba, umemwachia swali la kulala nalo. Unamwogopa? Unadhani ametia kitu? Bibi yangu aliwahi kuninunia kutwa nzima kwa sababu nilikataa viazi vya jirani, nikamtia aibu. Kwa hiyo nilikwenda kwenye sinki, nikanawa mikono, nikavuta kiti. Wale wanawake wakatazamana. Nikafinyanga tonge la wali, nikalichovya kwenye mchuzi, nikala, nikajivutia na kichwa cha samaki, na hapo ndipo kicheko kilipowaponyoka. Mmoja aliinamia meza mabega yakimtikisika. Nami nikacheka pamoja nao, kwa moyo mweupe kabisa, bila kujua kwamba tulikuwa tunanicheka mimi.

Aliyenikaribisha ndiye aliyekuwa mpishi wa pale. Watu wote walimwita Ate, ambalo kwa lugha yao ni dada mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Kazi yangu ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, mashuka yasiyokwisha, na siku ya mapumziko miguu yenyewe ilinipeleka kwa Ate. Chakula kilipangwa kwenye sinia nyuma ya kioo, unaonyesha unachotaka unapakuliwa. Ila wenyewe hawanyooshi kidole. Wanabinua midomo kuelekea sinia, vile vile bibi yangu alivyotuonyesha mbuzi aliyeingia kwenye mtama wa watu.

Nikawa naishi ndoto ya mchana pale. Kulikuwa na matembele. Kulikuwa na majani ya mlonge. Kulikuwa na mkia wa ng'ombe uliopikwa kwa karanga nzito, ningeweza kuapa umetoka jikoni kwa mama. Kulikuwa na samaki wakavu ambao Ate alizuiwa kuwakaanga asubuhi, maana wapangaji wa ghorofani walilalamika, naye aliwakaanga vile vile na kuwasha feni. Kiazi chao cha zambarau wanachokigeuza kitu cha baridi na sukari, hicho kilinishinda. Kiazi ni kiazi, hakina haja ya kujipamba.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa ule mchuzi mchachu. Samaki, nyanya, bamia, majani kidogo, na ukwaju, huu huu ambao nyumbani tunauita bushishi na kuutia kwenye uji. Ate aligundua napenda kichwa cha samaki, akawa ananiwekea, hata wateja wengine wakikililia. Nilikuwa nakila polepole, nikianza na mashavu. Mvuke ulikaa kwenye vioo, mtaa wa nje ukafutika, na nikifumba macho nilikuwa nasubiri kabisa kusikia kengele za ng'ombe wakishuka lamboni kunywa maji. Nikifumbua, naona feni na kalenda ya duka la simu. Sikuumia. Nilifumba tena.

Ni Ate mwenyewe aliyenifungua macho. Siku moja, wateja wamepungua, tunachambua majani ya mlonge, akaanza kucheka peke yake.

"Siku ile ulipokaa," akasema kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, "ulitakiwa useme asante, nimeshakula. Kwetu tunamkaribisha kila anayepita. Ni adabu tu. Hakuna anayekaa."

"Kwa hiyo niliwavamia?"

"Ulituvamia. Na ukala kichwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akanipiga kofi la gotini, akasema ndiyo maana ananipenda. Kisha akaendelea kuchambua, na bila kubadilisha sauti akaniambia habari za mwanawe. Alikuwa na mtoto wa kiume kwao, aliyelelewa na bibi. Alikaa ughaibuni miaka, akapata likizo, akaenda. Alipofika aliwakuta mezani. Mtoto akasimama kwa heshima, akamvutia kiti, akamwambia karibu, mama, karibu ule.

"Alinikaribisha," Ate akasema. Bado alikuwa anacheka. "Mtu wa nyumbani hakaribishwi. Anakaa tu."

Kisha akachukua kitambaa akafuta meza, na meza ilikuwa safi.

Nami nilikuwa na binti. Nilimwacha Dutwa kwa mama yangu anatambaa, anakula udongo, anamwita kila mtu kwa sauti ile ile moja. Sasa alikuwa anatembea, anaongea, ananiambia shikamoo kwenye simu na kukimbia kabla sijaitikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilijiandaa kwamba ataniogopa, atalia, atajificha nyuma ya gauni la bibi yake. Lakini tangu siku ile ya mlonge, kilichokuwa kinanitisha kilikuwa kimoja tu: kwamba nitaingia nyumbani kwetu na mwanangu atanikaribisha chakula.

Mkataba wangu wa mwisho ulipokwisha nikarudi. Basi lilinishusha Dutwa wakati wa pamba, marobota yamepangwa kandokando, baiskeli zinapishana, na vumbi jeupe la nyuzi limetanda hewani hata nikawa sina hakika kama nimeamka. Ndugu walinipokea kwa vigelegele. Binti yangu alikuwa kando, amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi, meno ya mbele yameng'oka. Akapiga magoti vizuri.

"Shikamoo."

Nikaitika. Nikamkumbatia. Alikumbatika, kama mtoto aliyeambiwa akumbatike.

Mama alikuwa amepika wali na sato mbichi kutoka Kalemela, ziwani kule, wameletwa na muuza samaki wetu wa siku zote. Mkeka ukatandikwa. Binti yangu akaleta beseni na jagi, akaninawisha mikono. Akaenda ndani akarudi na kiti chenye mgongo, kile cha mchungaji na cha watu wa ofisini, akakiweka kando ya mkeka. Akachagua kichwa, maana bibi yake alimwambia ninapenda kichwa, akakiweka kwenye sahani ya maua, akanipa kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, mama," akasema.

Tena kwa Kiswahili safi cha darasani. Alikuwa anaongea Kisukuma na bibi yake, kuku anawafukuza kwa Kisukuma, mimi ndiye niliyepewa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ndicho cha wageni. Nikasema asante. Mama yangu alitazama chini. Nilikaa kwenye kile kiti juu ya watu wote, nikala kile kichwa, na kiliniuma kila mahali kinapopita.

Nikamtumia Ate ujumbe wa sauti. *Amenikaribisha.* Akanijibu kwa pumzi ndefu, nyuma yake masufuria yakigongana.

Nilifanya mambo ya kijinga baadaye, siwezi kuficha. Nilimpa nguo nilizomletea, akashukuru, akazikunja. Nilimpa pipi za zambarau, akagawia wenzake zote. Nikakiondoa kile kiti nikakaa mkekani. Kesho yake nikakikuta kimerudishwa. Ndipo nikaamua kupika. Nyuma ya nyumba yetu kuna mkwaju, nikaokota, nikaloweka, nikachuja, nikapika sato kwa mchuzi wa Ate, na bamia na nyanya, mpaka mvuke ule ukajaa jikoni na mimi mwenyewe nikapotea kidogo, sijui niko Satwa au wapi. Mama alionja, akaonja tena kwa heshima.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "mboga hii imechacha."

"Haijachacha. Ndivyo ilivyo."

"Bushishi ni wa uji. Samaki amekosa nini?"

Jirani naye akaonja, akasema dada, kule Arabuni mliteseka. Mbwa ndiye aliyekula kwa furaha. Binti yangu alimaliza kijiko chake chote bila kukunja uso, akasema asante kwa chakula, na hapo ndipo nilipotaka kulia, maana watoto wa nyumbani hutema.

Jioni nilimwambia mama kwamba mtoto hanitaki.

"Anakutaka, ila hakujui," akasema. "Kaa hapo hapo. Usimbembeleze mno, unamchosha. Wewe kaa tu akuzoee."

Basi nikakaa. Sina sifa nyingi, lakini kukaa ninaweza. Hata kule Dubai nilipata rafiki kwa kukaa. Nikalima na mama, nikachuma pamba, nikapata mahali pa kuuzia wali mchana pale senta. Ukwaju niliuendeleza, mara moja kwa wiki, watake wasitake. Ate alikuwa ananiuliza kila tulipoongea: bado anakukaribisha? Bado, namjibu. Akawa ananifundisha niongeze nyanya, nipunguze ukwaju, mtoto aanze kwa ladha ndogo. Tulikuwa tunaongea habari za mchuzi, na wote wawili tulijua hatuongei habari za mchuzi.

Mvua zilikuja zikaenda. Siku moja nilimwona binti yangu nyuma ya nyumba, ameketi chini, anapasua maganda ya ukwaju na kulamba, macho amefumba, uso wote umejikunja. Nilisimama na ndoo yangu mpaka mkono ukafa ganzi. Tangu hapo akawa ananiokotea, anajaza kwenye kofia, anamwaga karibu na jiko na kwenda zake. Lakini wakati wa kula kiti kilikuwa palepale, sahani ya maua palepale, kichwa cha sato palepale. Karibu chakula, mama. Asante, mwanangu.

Mchana ninaotaka kuusimulia haukuwa na dalili yoyote. Ilikuwa Jumapili, senta sikwenda; muuza samaki alipita mapema, nikapika mchuzi wa ukwaju, mama akatandika mkeka. Jua lilikuwa limepoa, mawingu mepesi, kila kitu uani kilikuwa na rangi ya maziwa. Tumepakua tu, jirani akatokea, yule yule aliyesema tuliteseka Arabuni.

"Mwadila," akasalimu.

"Mwadila mhola," mama akajibu.

Binti yangu akaruka. "Karibu chakula!" akamwambia kwa Kiswahili chake cha darasani, akaingia ndani mbio, akaleta kile kiti chenye mgongo, akamkalisha jirani. Akampa sahani ya maua. Kiti changu hicho! Sahani yangu! Mimi nilikuwa nimebaki nimesimama na jagi mkononi, na jagi halina maji. Nikaenda kwenye pipa kuyachota. Nilisimama pale zaidi ya ilivyohitajika, nikiyatazama maji yakitulia, nikaona wingu ndani yake.

Niliporudi walikuwa wanakula. Jirani alikuwa amepewa mnofu wa katikati, ule mnene wa mgeni. Nikatazama kwenye bakuli. Nikatazama tena.

"Kichwa kiko wapi?"

Binti yangu hakuinua uso. Alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili, anafyonza shavu, mchuzi unamtiririka mpaka viwikoni.

"We mtoto!" mama akafoka. "Hicho si cha mama yako? Mpe!"

"Yaya," akasema, akakumbatia kichwa kifuani. Hapana, ile ya Kisukuma, isiyo na adabu hata kidogo. Kisha, kwa Kisukuma hicho hicho, akaniambia mimi kwamba nilichelewa.

Mama alitaka kuendelea, nikambinulia midomo anyamaze. Binti yangu, bila kunitazama, alijisogeza kidogo mkekani. Pakabaki nafasi. Nikakaa. Goti lake lilikuwa juu ya gauni langu, linanata mchuzi, na hakuna aliyeniambia karibu. Nilichovya tonge kwenye mchuzi uliobaki, nikala huku machozi yananitoka waziwazi, jirani akasema unaona, mchachu mno huo.

Baadaye, vyombo vikikauka juani, nikampigia Ate.

"Leo ameniibia kichwa cha samaki," nikamwambia.

Ate alicheka kile kicheko cha siku ya kwanza, nikakiona kabisa, mabega na meza. Kisha nikasikia feni yake, na sahani zikipangwa, na mtu wa kwao akikaribishwa kula na kusema asante, ameshakula.

"Chote?" akaniuliza.

"Chote," nikamwambia. "Hata macho."