Kukaa Chini kwa Mama

Ile mashine ya mazoezi ilifungwa mguuni mwangu kwa mikanda, mmoja pajani, mwingine chini ya goti, na betri kiunoni. Nikianza tu kunyanyua mguu, inahisi, inausukuma. Mwanzoni niliiogopa. Nilikuwa nimewekewa goti la bandia hospitali moja ya Mbeya, langu lilisagika kwa miaka ya kubeba magunia ya mahindi pale Laela.

Wakati huo mama alikuwa mahututi kwetu Ilemba. Nikamwambia dada wa mazoezi, "Nifundishe kukaa chini. Mama akiondoka, msibani nitakaa wapi?"

"Tuanze na kiti, mama. Hii inakuinua kwenye kiti. Chini bado."

Basi nikawa nakaa, nainuka, rozari mkononi. Nilimwomba Mungu amwache mama kidogo, mpaka nipone. Hakumwacha.

Msibani kwetu wanawake tunakaa kwenye mkeka. Mimi nikaletewa kiti cha plastiki. Mashine ilibaki Mbeya, mali ya hospitali ile. Shangazi, dada yake baba, akanitazama.

"Mfiwa mwenyewe ndiye mgeni rasmi?"

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Najua alikuwa ananitania. Lakini mama alikuwa amelala pale kwenye jeneza, na mimi nimekaa juu kuliko yeye. Nikawaambia wanishushe. Wakanishika makwapani, nikakaa, mguu umenyooka mbele kama mpini wa jembe. Nikatulia, bega kwa bega na wenzangu, tukasali.

Jeneza lilipotolewa wote wakasimama kwa pamoja, vilio vikapanda. Nikajisukuma kwa mikono, goti likagoma. Nikainua mkono kuwaita waninyanyue. Wakadhani uchungu umenizidi, wakaniacha nilie. Nikasikia wimbo unaelekea shambani, kwenye kaburi, unapungua.

Shangazi ndiye aliyeona sipo. Akarudi na wanawake wawili, kanga inaburuzika chini.

"Kwa nini hukuita, mwanangu?"

"Nimeita, shangazi."

Wakanishika makwapani, wakaninyanyua. Tulipofika kaburini udongo ulishajaa, wanasimika msalaba.

Niliporudi Mbeya, yule dada wa mazoezi akachukua mikanda anifunge kama kawaida. Nikamwambia leo nataka kuinuka kutoka chini.

"Mashine haifanyi hilo, mama."

"Basi iweke pembeni," nikamwambia, nikatandika kanga yangu sakafuni.