Wimbo Ambao Haukuwa Ubaoni

Nianze na ujinga wangu, mwanangu, usije ukapata taabu ya kuutafuta. Nakumbuka siku moja nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa walimu wa muziki, nikawaambia kwamba kina mama wanane wa kwaya yetu ya Bagara nimewafundisha kusoma do-re-mi kwa wiki sita. Ulikuwa uongo, na niliuvalisha suti ya kuazima.

Wakati huo mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kabisa. Babati tulilala wilaya ya mkoa wa Arusha tukaamka makao makuu ya mkoa, na mihuri mingine ofisini ilikuwa bado haijapata habari. Kila kundi lilitaka mkutano wake wa mkoa. Walimu wa muziki, wa shule na wa kwaya, nao wakaitisha wa kwao katika ukumbi wa kanisa karibu na soko. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na kozi fupi ya ualimu wa muziki, cheti wino haujakauka. Mtu wa nyumbani mimi, ambaye hata kwenda stendi kumpokea mgeni naona ni safari. Nikaombwa nitoe mada: namna ya kumfundisha asiyejua nota.

Ningeweza kukataa. Lakini mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule Nakwa alikuwa ameniambia bila kuzunguka, "Nitakuja kukusikiliza. Ukinishawishi, nakupa kipindi cha muziki kwenye ratiba. Usiponishawishi, kipindi hicho watoto watamwagilia bustani." Kazi nyingine sikuwa nayo, na nyingine sikuitaka.

Wiki ya kwanza nilifundisha kweli, nisijisingizie. Niliandika herufi ubaoni kama ngazi, do chini, do nyingine juu, tukapanda polepole. Tukafika fa. Mama Gwandu, jirani yangu ambaye tunatenganishwa na uzio wa minyaa tu, mwenye sauti ya kwanza inayosikika mpaka barabarani, akauliza, "Mwalimu, mbona kutoka mi kwenda fa hatua ni fupi kuliko zile nyingine?"

Sikujua. Kozini tuliambiwa tu ndivyo ilivyo. Mama huyu alikuwa amenibeba mgongoni nikiwa mdogo, nitamwambiaje sijui? Nikakohoa nikasema, "Hilo ni la kozi ya juu, mama."

Kuanzia hapo niliogopa maswali. Nikaacha ngazi, nikafanya kama kwaya zote zinavyofanya: mimi naimba, wao wanashika kwa sikio. Kisha nikaandika nota za wimbo uleule ubaoni, nikawazoeza kufuata fimbo yangu kwa macho, ili waonekane wanasoma. Walikuwa hodari. Mtu angeapa wanasoma.

Siku ya mkutano wakaimba, sauti nne, ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu mkuu wa Nakwa, pale nyuma, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilishaanza kujiona mbele ya darasa.

Ndipo akainuka Mzee Elifasi, mwalimu wa kwaya wa siku nyingi, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kikao. Akafuta ubao taratibu, akaandika mstari mpya wa nota nane. Akaelekeza fimbo kwenye nota ya kwanza na kusema, "Kina mama, tusomeeni na huu."

Mama Gwandu akaitazama fimbo, akavuta pumzi, akaanza. Wenzake wakamfuata. Mwanangu, waliimba wimbo wetu uleule, mwanzo mpaka mwisho, sauti nne, kwa uchangamfu, huku fimbo ya mzee ikipita kwenye nota za watu wengine kabisa. Fimbo ilipofika mwisho wa mstari, wao walikuwa bado ubeti wa kwanza. Mzee, kwa heshima, akairudisha mwanzo na kuwasubiri wamalize.

Ukumbi ulicheka mpaka benchi moja likaanguka. Kina mama nao wakacheka kidogo, kisha wakaona wanachekwa wao, wakanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonichoma. Mlango ulikuwa hatua tano na nilishazihesabu.

Mzee Elifasi hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, kuimba wanajua tangu hujazaliwa. Tumekuja kusikia wewe umewaongezea nini. Una dakika kumi na mbili."

Nikavua koti la watu. Nikasema, "Kina mama hawa hawana kosa. Hawajui kusoma nota kwa sababu mimi sikuwafundisha. Naomba nianze sasa hivi, mbele yenu."

Nikafuta ubao, nikaandika do, mi, so. Tatu tu. Tukaimba tukipanda, tukashuka, kisha nikaanza kuruka kutoka nota moja hadi nyingine bila kufuata mpangilio. Wakakosea. Nikarudia. Kule nyuma mtu akasema, "Jamani, muda!" Nikamjibu bado zipo dakika tisa. Mama Gwandu, ambaye hasahau kitu, akauliza tena ile hatua fupi ya fa. "Sijui, mama," nikasema. "Nikijua nitakuja uani kukwambia. Leo tushike hizi tatu." Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea. Jasho lilinitoka kama napakua mahindi kwenye lori.

Dakika ya mwisho mzee akaja akazichanganya nota tatu hizo kwa mpangilio wake mwenyewe. Mara ya kwanza wakapotea njiani. Mara ya pili wakafika, sauti moja, nyembamba, si nzuri hata kidogo. Lakini walikuwa wanasoma.

Mwalimu mkuu alinisubiri mlangoni. "Alhamisi, kipindi kimoja, muhula mmoja," akasema. "Nitakuwa nakaa nyuma ya darasa." Na alikaa kweli, muhula mzima.

Kwa hiyo wewe uliyetoka chuoni juzi, ukiitwa kusimama mbele ya walimu, usipeleke onyesho. Peleka kazi uliyoifanya, hapo ilipofikia, hata kama ni nota tatu. Sema ulipokwama, maana hapo ndipo wenzako watakapokusaidia. Ukianguka usiutafute mlango. Omba dakika zilizobaki uzifanyie kazi. Na usimwazime mwanafunzi wako aibu iliyo yako.

Mungu akupe ulimi wa kusema "sijui" mbele za watu, na miguu ya kubaki palepale ukishasema. Wanafunzi wako wakuzidi, nawe ufurahi wakikuzidi.

Mimi jioni ile nilirudi Bagara nimevimba kichwa, nikidhani kina mama watanipongeza. Tulipofika kwenye uzio, Mama Gwandu akanitazama juu mpaka chini, akasema:

"Kumbe kufundisha unajua. Sasa wiki zile zote ulituachisha palizi kwa nini?"